Wiki ya Bure Iliyonifikisha Benki

Wenzangu, jambo hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kulisikia kwa watu, maana ukienda sokoni Soni leo utaambiwa Mama Upendo alizimia benki, mwingine atakwambia nililia, mwingine atasema polisi waliitwa, na hayo yote ni chumvi: sikuzimia, sikulia, na aliyeingia ndani alikuwa mlinzi wa mlangoni tu, naye aliingia kwa kuwa alisikia mlio asiouelewa. Lakini aibu yenyewe ni ya kweli. Niliifuata kwa miguu yangu mpaka Lushoto mjini, nimevaa kitenge kipya, nikaikuta.

Nyumbani tumebaki wawili, mimi na Baba Upendo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Sayansi, na Baba Upendo analima kabichi na hoho. Ni mtu wa maneno machache (ukimuuliza swali kubwa anakujibu kwa Kishambaa, kwa ufupi, jambo linaishia hapo), ila Jumapili kwaya ikisimama yeye ndiye besi yetu, na akishusha ile sauti hata watoto wa benchi la mbele wanageuka kutazama imetoka wapi. Nawaeleza habari ya besi kwa sababu ndiyo iliyomponza, maskini.

Krismasi iliyopita mtoto wetu Upendo alikuja kutoka Dodoma anakofanya kazi, na asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai akatuuliza, huku anacheka, ni nani kati yetu anayewasha mashine ya kukoboa mahindi usiku, maana ukuta wa chumba chake unatetemeka. Mimi hata sikumeza chai, nikamnyooshea kidole baba yake. Baba Upendo alinitazama, akamtazama mtoto, akaongeza sukari kwenye kikombe chake, akaendelea kunywa. Nani asingeamini? Sauti ile, na kunyamaza kule! Nikajua mtuhumiwa amekiri.

Sasa Upendo huyohuyo, kabla hajaondoka, alikuwa ameniingizia kadi yangu ya benki kwenye simu, ile kadi ya mshahara, ili niweze kulipia nafasi ya kuhifadhi picha, maana simu yangu kila siku ilikuwa inalalamika kuwa imejaa. Akanionyesha jinsi ya kununua kitu kwa kidole. Nilifurahi mno kwa kujua jambo hilo, na mtu akifurahia kujua jambo hutafuta pa kulitumia, basi na mimi nikatafuta. Nikiwa mtu wa Sayansi nilitaka ushahidi. Nikapekuapekua mpaka nikaipata aplikesheni inayorekodi usingizi: unaiweka simu kitandani, unalala, asubuhi inakwambia umekoroma kiasi gani, inakuchorea na mchoro wa kupanda na kushuka, na ukitaka inakusikilizisha. Ilikuwa ya kulipia, lakini mbele kabisa paliandikwa kwa herufi kubwa za kijani kuwa unajaribu bure wiki nzima. Chini yake palikuwa na maneno mengine, madogo, ya kijivu, mengi. Sikuvaa miwani kwa ajili ya maneno ya kijivu. Bure ni bure. Wakataka kadi (hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza, bure gani inayotaka kadi?), nikawapa kadi, nikabonyeza.

Asubuhi yake nikaamka nikakuta mchoro, milima na makorongo, ungedhani ni ile barabara ya kupanda kutoka Mombo. Nikabonyeza nisikilize. Jamani, ule ulikuwa mkoromo. Ulianza kama mtu anaburuta kabati sakafuni, ukapanda, ukakata, kimya, halafu ukarudi kwa hasira. Sikusikiliza hata mpaka mwisho, nilikuwa na haraka ya ushindi. Nilimpelekea Baba Upendo simu shambani, nikamchezea kipande kidogo, akasikiliza ameshika jembe, akasema, "Ni mkoromo kweli," akarudi kwenye kabichi zake.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini Alhamisi nikaenda kwenye umoja wa wanawake wa usharika, tulipomaliza maombi mazungumzo yakageukia wanaume, na mimi nikaona nina mchango. Nikawaeleza mateso yangu. Nikaiga na sauti. Mama mchungaji alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na Jumapili iliyofuata Baba Upendo aliposimama kwenye kwaya na kutoa ile besi, upande wa wanawake ulianza kutikisika mabega, mmoja baada ya mwingine. Alilijua jambo lile, nilimwona alivyolijua, lakini aliendelea kuimba. Jioni akachukua mto wake na blanketi akahamia chumba cha Upendo, akasema ni vizuri mimi nipumzike, nina kazi ya watu.

Basi nikalala peke yangu, raha mustarehe, na simu nikaiacha pale pale kwa mazoea. Asubuhi nikakuta mchoro.

Milima ileile. Makorongo yaleyale. Nikabonyeza, na kabati likaanza kuburutwa sakafuni, na chumbani mule hapakuwa na mtu mwingine ila mimi na Mungu.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Nilijaribu kujiambia kuwa sauti imepenya ukuta kutoka chumba cha pili, lakini mimi ndiye niliyewafundisha darasa la tano habari za mawimbi ya sauti, sikuweza kujidanganya. Nikafanya kitu kimoja tu: niliifuta ile aplikesheni. Niliibonyeza, nikaishikilia, nikaitupa, nikaitazama inatoweka, nikaona nimezika maiti pamoja na ushahidi.

Na Baba Upendo nilikusudia kumwambia, Mungu ananiona. Nilikusudia siku hiyohiyo, ikawa kesho, ikawa baada ya mitihani. Kila nilipotaka kuanza nilimkuta anatafuna tangawizi (muuza dawa mmoja wa Soni alimwambia inasaidia koo) au anatoka kwenye kitanda kile kifupi cha Upendo akinyoosha mgongo, na kadiri alivyozidi kuwa mpole ndivyo maneno yalivyozidi kunikwama. Mvua kubwa zikaanza, zikakatika, yeye bado yuko kule.

Sasa turudi kwenye pesa. Kila mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia, siku mbili tatu baadaye ulikuja ujumbe wa benki kuwa kuna kiasi kimetolewa, na mbele yake kuna jina la Kizungu na namba nyingi. Hakikuwa kiasi kikubwa, bei ya kuku mmoja wa kienyeji hivi, lakini kuku mmoja kila mwezi hata kicheche haruhusiwi. Haikunipitia akilini hata mara moja kuwa ni ile aplikesheni. Niliifuta, si ndiyo? Kitu ukishakifuta kitakulaje?

Nikalileta jambo ofisini kwa walimu. Mwalimu Singano, wa Hesabu, naye akafungua simu yake akakuta makato asiyoyaelewa, na walimu wengine wawili nao wakakuta yao, na kufikia saa ya chai tulikuwa na kesi dhidi ya benki. Wakaniomba niwe msemaji kwa sababu nina sauti (neno hilo lilinichoma kidogo, nikalimeza). Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukapanda Lushoto mjini, walimu wote wanne, na Baba Upendo akasema anakuja, hawezi kumwacha mke wake aende kugombana na benki peke yake. Akavaa koti lake la harusi na kofia. Nawaomba mlikumbuke koti hilo mnapotaka kunionea huruma, maana mimi nikilikumbuka huruma yote inahamia kwake.

Benki ilikuwa imejaa, kama ilivyo siku za mshahara. Kulikuwa na wauguzi, walimu wa shule nyingine, wafanyabiashara wa matunda, wazee wa pensheni kwenye viti, na kwenye foleni ya dirishani nikamwona mama mchungaji na mkoba wake, na nyuma yake watu wengine wa kanisani kwetu. Nikaamkia wakubwa, nikaamkiwa na wadogo, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya huduma kwa wateja. Pale alikaa binti mmoja mpole sana, akasema shikamoo mama, karibu kiti. Nikakataa kiti. Nilieleza kesi yetu nimesimama, kwa ile sauti ya paredi, na watu wa foleni wakaanza kugeuka, na nilipoona wanageuka ndipo nikazidi kupanda. Mzee mmoja wa pensheni akasema hata yeye hukatwa. Mwingine akaitikia. Mwalimu Singano akanong'ona nikaze hapohapo.

Binti akachukua namba yangu, akatazama kompyuta yake, akatazama tena, kisha akainuka kidogo na kuniambia kwa sauti ya chini kuwa ameona, tuingie ofisini anieleze vizuri.

Wenzangu, mlango wa rehema ulikuwa wazi. Ulikuwa hatua chache tu kutoka niliposimama, una kitasa na kila kitu. Mimi nikasema, "Ofisini hatuingii. Tumeibiwa hadharani, tuelezwe hadharani."

Binti akamtazama Baba Upendo, labda aone kama kuna mtu wa kunizuia. Baba Upendo akavua kofia tu. Basi binti akakaa, akaeleza. Akasema benki haijanikata kitu, haya ni malipo niliyoyaruhusu mwenyewe kwa kadi yangu, kuna mahali nilijiunga kujaribu bure, muda wa bure ulipokwisha wao wakaendelea kuchukua ada kila mwezi, ni kitu kinachojirudia chenyewe mpaka mwenye kadi ajitoe. Nikamwambia sijajiunga na kitu chochote maishani mwangu isipokuwa usharika na chama cha walimu. Akauliza kama naruhusu ataje jina. Nikamwambia ataje.

"Ni aplikesheni ya kurekodi mkoromo, mama."

 Upande wa dirishani nikasikia mtu anavuta pumzi ya kuzuia kicheko, na nilimjua bila kugeuka, alikuwa mama mchungaji, kisha nikaona macho ya watu wa kanisani yakimhamia Baba Upendo kwa pole, eti maskini, mkoromo wake umeshaanza kula na mshahara. Na mimi, Mungu anisamehe, nikayaacha yahamie. Nikasema haraka kuwa kitu hicho nilikifuta zamani, siku nyingi kabisa. Binti akaeleza kwa upole kuwa kuifuta kwenye simu si kujitoa, ni sawa na kuhama nyumba bila kumwambia mwenye nyumba, kodi inaendelea. Yeye angeweza kuizuia kadi, lakini ili jambo liishe kabisa nilitakiwa kuirudisha ile aplikesheni, niingie kwenye akaunti yangu, nijitoe mwenyewe. Akaniunganisha na intaneti ya benki.

 Nikaipakua. Ikanipokea kwa furaha, ikaniita kwa jina, ikaniletea michoro yangu yote ya zamani, haikupoteza hata mlima mmoja. Binti akainama juu ya meza anielekeze, bonyeza pale juu, hapana mama, si hapo, juu zaidi, na mimi miwani iko ndani ya mkoba, nikabonyeza.

Simu yangu mimi huiweka sauti ya mwisho kabisa, maana ndiyo ninayowachezea watoto nyimbo za darasani. Kabati likaanza kuburutwa ndani ya benki. Lilipanda, likakata, likarudi kwa hasira. Watu waliokuwa wanahesabu pesa wakasimamisha vidole, na hapo ndipo mlinzi alipofungua mlango akaingia, akatazama kulia na kushoto. Mzee wa pensheni akauliza kama kuna pikipiki imeingia ndani. Mimi nabonyeza kila mahali na kila nilipobonyeza haizimi, na watu wa kanisani sasa wanacheka waziwazi, wanamtazama Baba Upendo na kofia yake mkononi.

Kisha ndani ya ile simu, katikati ya mkoromo, ikasikika sauti nyingine. Sauti ya chini, nzito, ambayo usharika mzima unaijua.

"Mama Upendo. Geuka upande kidogo, mama. Haya. Ngoja nikufunike."

Mkoromo ukakatika. Likasikika blanketi linavutwa, kitanda kinalia kidogo, halafu kimya kizuri kabisa.

Ulikuwa ni usiku ule wa kwanza. Ile rekodi niliyomkimbizia shambani bila kuisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza walipiga hesabu, na niliona hesabu inavyowafikia mmoja mmoja: besi ni ya nani, na kabati ni la nani. Halafu wakacheka, jamani, walicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia hata harusini, mama mchungaji akaegemea dirisha la mhudumu, Mwalimu Singano akanipa mgongo nikaona koti lake linavyoruka. Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa. Binti akachukua simu taratibu mikononi mwangu, akanitoa, akanionyesha paliposema nimejitoa, akaniuliza kama nataka maji. Pesa iliyokwisha kwenda hairudi, akasema, kwa sababu niliiruhusu. Makato ya wale walimu wengine yalikuwa ada za kawaida za benki. Hakuna aliyeulizia tena.

Tukarudi Soni. Nilimwacha Baba Upendo atangulie kwenye njia ya kupanda kwetu, mimi nyuma kama mtoto aliyefukuzwa shule, mpaka penye ule mpera wa jirani nikashindwa, nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo. Akasema alijua tangu mwaka tuliooana. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, aliachaje watu wamcheke kanisani, ale tangawizi bure, alale kwenye kitanda cha mtoto. 

"Ulishawaambia wenzako," akasema. "Ningesema si mimi, wangekucheka wewe. Mimi nimezoea kusimama mbele ya watu na kuguruma."

Nikaanza kulia (haya, hapo nililia, lakini si benki). Nikamwambia arudi chumbani leo hii. Akasimama, akatazama shamba lake, akakohoa kidogo.

"Nitarudi," akasema. "Lakini si leo. Kule nalala vizuri sana, mama."

Alirudi Juni, baridi ilipozidi, na mpaka leo hajasema amerudi kwa ajili yangu au kwa ajili ya blanketi zito. Sijamuuliza. Tangawizi sasa naitafuna mimi.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwenye umoja wa wanawake nikasimama nikaeleza yote kabla sijaulizwa, nikaiga tena ule mlio, safari hii nikimtaja mwenyewe mwenye mlio. Walicheka, ila walicheka na mimi, na Jumapili Baba Upendo aliposhusha besi mabega ya wanawake yalitulia, wengine nikawaona wanamtazama kwa namna ambayo nikaona bora nisogee karibu na kwaya.

Lakini kilichonishangaza kilikuja baadaye. Jumapili ileile, tukitawanyika, mama mmoja alinivuta nyuma ya kanisa, akatazama huku na huku, akatoa simu chini ya kitenge, akaniuliza kama najua namna ya kujitoa, maana ya kwake nayo inamkata kila mwezi na mumewe ameanza kuuliza. Wiki iliyofuata akaja mwingine. Mwalimu Singano akaja, tena baada ya walimu wote kuondoka (zile ada za kawaida hazikuwa za kawaida zote). Mwishowe akaja mama mchungaji mwenyewe, na mkoba wake, akaanza kwa kuulizia hali ya hewa.

Nimekuwa fundi wa kujitoa. Navaa miwani, nasoma yale maneno ya kijivu mpaka mwisho, naingia, nawatoa, nawarudishia simu. Na ninayo nadhiri mbili: chochote cha bure kinachotaka kadi hakipiti tena mlangoni kwangu, na simu ya mtu nikiishika natafuta neno la kujitoa tu, sitazami alijiunga na nini. Ya mama mchungaji niliishika nimeiinamisha kidogo nisione jina, na yeye akatazama pembeni, kwenye kabichi za Baba Upendo, akazisifia sana.